Maswali ya Wasomaji: Kasha Lina Mwenyewe

SWALI: Mimi ni mpenzi wa jiokashi, mchezo wa kusaka makasha yaliyofichwa kwa kufuata namba za mahali zinazotolewa na GPS, mfumo wa satelaiti wa kuonyesha mahali. Juzi nilitafuta kasha chini ya daraja dogo la mbao katika bustani ya umma, sikuona kitu. Nikaamini limeibwa, nikaacha kopo la filamu ya kamera lenye kipande cha karatasi, nikatia sahihi na kujiandikia kwenye tovuti ya mchezo kwamba nimelipata. Mwenye kasha amefuta maandishi yangu, na sasa mchezaji mwingine ananiandama kila mahali akiniita mdanganyifu. Nimevunja kanuni gani?
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Umekosea, ila si kwa kiwango anachokitangaza huyo anayekuandama. Kwa kanuni za Geocaching.com, tovuti ambako makasha mengi husajiliwa, anayedai kuwa amelipata kasha sharti awe ameandika jina lake katika daftari lililomo ndani yake. Wewe ulitia sahihi kwenye karatasi uliyokwenda nayo mwenyewe. Tena kasha lina mwenyewe, na kulibadilisha ni kazi yake au ya mtu aliyemruhusu. Mara nyingi kasha linalodhaniwa kupotea huwa lipo, limesukumwa tu nyuma ya boriti au limefunikwa na majani, na mahali pamoja panapokuwa na makopo mawili, wanaofuata hawajui watie sahihi katika lipi. Ungeandika kwamba hukuliona, ukamwomba mwenyewe aende kulitazama. Alipofuta maandishi yako alikuwa ndani ya haki yake, kwa sababu kanuni zimemkabidhi yeye jukumu la kuangalia ukweli wa yanayoandikwa juu ya kasha lake.

Huyo wa pili ni habari nyingine. Kasha jipya hukaguliwa kabla ya kutangazwa na mkaguzi wa kujitolea, ambaye ni mchezaji mwenzenu asiyelipwa: huangalia kama liko angalau mita 161 kutoka kasha jingine, kama mwenye ardhi ameridhia, na kama halikuwekwa kando ya reli. Likishatangazwa, mchezaji akiona kasoro hutoa taarifa. Mkaguzi humpa mwenye kasha muda wa kurekebisha, na asipofanya hivyo kasha huondolewa kwenye orodha. Hakuna kanuni inayompa mchezaji wa kawaida kazi ya kuwafuata wenzake na kuwahesabia makosa, ingawa kila mji naona una wawili watatu waliojipa cheo hicho. Mtu wa namna hiyo usimjibu. Akizidi, toa taarifa kwa wasimamizi.

SWALI: Nimeandaa kisanduku cha bati, nimekizungushia utepe mweusi kisionekane, nataka kukificha chini ya benchi mbele ya mkahawa. Mkaguzi anataka kujua nani ameniruhusu. Je, huu si urasimu mtupu?
Msomaji, Leeds, Uingereza

JIBU: Sidhani, hasa kwako wewe unayeishi jirani na Wetherby. Mwaka 2011 kasha la plastiki lililofichwa karibu na mkahawa katika mji huo lilidhaniwa kuwa bomu, na wataalamu wa mabomu wa jeshi wakalilipua. Kisanduku chako cheusi kitamtia mtu hofu ileile. Tumia chombo kinachoonyesha kilichomo, kiandikwe wazi kuwa ni cha mchezo, na uzungumze na mwenye mkahawa kabla ya kumjibu mkaguzi.

Kanuni nyingi za mchezo huu zinawalinda watu wasioucheza, na mwanzoni hazikuwapo. Marekani iliacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa GPS ya kiraia mwanzoni mwa Mei 2000, na tarehe 3 Dave Ulmer akaanzisha mchezo huu kwa kuficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, ambayo miongoni mwa vitu vilivyokuwamo ni kopo la maharage. Leo mkaguzi angeikataa ndoo hiyo bila kusita: chakula hakiruhusiwi kwa kuwa huvuta wanyama, na ilikuwa imefukiwa nusu, ilhali kuchimba ardhi ili kuficha kasha bila idhini ya mwenye ardhi ni marufuku.

SWALI: Mwezi ujao ninakwenda likizo nyumbani Tanga. Naweza kuacha kasha huko na kulisimamia nikiwa huku?
Msomaji, Minneapolis, Minnesota

JIBU: Kwa mbali, hapana. Kasha linalowekwa na mtu aliye safarini kwa kawaida hukataliwa, kwani likivuja maji au daftari likijaa hakuna wa kulishughulikia. Ila ukimpata ndugu au rafiki anayeishi Tanga, akakubali kulitunza, mweleze mkaguzi mpango huo tangu unapowasilisha maombi, pamoja na jina analotumia mtu huyo katika mchezo. Umwachie pia daftari za akiba.