Usisubiri Shimo: Niliyojifunza Nikidai Barabara Yetu Itunzwe

Nilipoanza kufuatilia barabara ya mtaa wetu nilidhani kazi yangu ni kupiga kelele tu. Nilipiga picha za mashimo, nikazikusanya kwenye bahasha, nikaenda nazo kwa diwani. Alinipokea vizuri, akaniambia barabara yetu "imo kwenye mpango". Nikarudi kwa majirani na habari njema. Miezi ikapita. Wiki chache kabla ya uchaguzi likaja lori la lami, mashimo yakazibwa asubuhi moja, na mvua za kwanza zilipokatika viraka vyote vilikuwa vimebanduka.

Siku ile ya kuziba nilikuwepo. Shimo lililo mbele ya geti letu lilikuwa limejaa maji. Kijana mmoja aliyafagia kidogo pembeni, mwenzake akamwaga makoleo matatu ya lami ya moto juu ya tope, akaipigapiga kwa mgongo wa koleo, gurudumu la lori likapita juu mara mbili, wakahamia shimo la pili. Baadaye jirani yangu, mhandisi mstaafu, alinieleza shimo huzibwaje. Kingo zake hukatwa zisimame wima, kila kilicholegea hutolewa, ndani hukaushwa na kufagiliwa vumbi, hupakwa lami ya maji ili kiraka kishike, kisha hujazwa tabaka kwa tabaka na kila tabaka hushindiliwa. Wale vijana hawakuwa na msumeno wala mashine ya kushindilia. Siwalaumu. Walipewa koleo na orodha ndefu, na aliyewatuma alitaka mashimo yaonekane yamezibwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba muda wote nilikuwa nauliza swali lisilo sahihi. "Shimo hili litazibwa lini?" ni swali ambalo mwanasiasa yeyote anaweza kulijibu kwa lori moja la lami. Swali la kumbana ni hili: mwaka huu wa fedha, fungu la matengenezo ya barabara ni kiasi gani, limepangiwa barabara zipi, na mwaka jana lilitumika kwa lipi? Nilipoliuliza kikaoni kwa mara ya kwanza ukumbi ulinyamaza. Fungu lilikuwepo. Sehemu kubwa yake ilikuwa imeelekezwa kwenye barabara moja mpya, na kilichobaki kilikuwa cha kuziba viraka.

Tuzungumze kwanza barabara inavyokufa, maana bila kulijua hilo utadanganywa kila kikao. Adui wa kwanza ni maji. Lami ikishapata ufa, hata ule mwembamba unaoingiza ukucha tu, maji hupenya hadi kwenye kokoto na udongo wa chini. Udongo ukilowa unapoteza nguvu, gari likipita lami inabonyea, ufa unakuwa utando wa nyufa, kipande kinang'oka, shimo limezaliwa. John Loudon McAdam, Mskoti aliyesimamia barabara za Bristol kuanzia 1816, alilisisitiza jambo hilohilo: udongo wa asili ndio unaobeba mzigo wote, na utaubeba mradi ubaki mkavu. Kwa hiyo mtaro ni sehemu ya barabara kama ilivyo lami yenyewe. Mtaani kwetu palikuwa na kalavati moja lililoziba kwa chupa za plastiki na mchanga, na kila mvua maji yalivuka juu ya lami kwa sababu hayakuwa na njia chini yake. Tulipolizibua, kipande kile hakikutoa shimo jipya msimu mzima. Vifaa vilikuwa majembe, reki na mikono ya watu kumi na moja.

Adui wa pili ni uzito. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa jimboni Illinois, Wamarekani walijenga barabara za majaribio na kuendesha malori juu yake usiku na mchana, wakipima kila uzito unaharibu kiasi gani. Walichokipata bado kinaongoza wahandisi: ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu, ikibebeshwa mzigo mara mbili, madhara kwa barabara yanapanda takriban mara 16. Gari dogo la familia karibu halina deni lolote kwa lami ukililinganisha na lori lililozidisha mzigo. Mtaa wetu ulikuwa ukikatizwa na malori ya mchanga yanayokwepa foleni ya barabara kuu. Tuliomba kibao cha ukomo wa uzito na nguzo ya chuma ya kuzuia malori mapana mwanzoni mwa mtaa. Ilichukua barua tatu. Nguzo ile imetusaidia kuliko viraka vyote tulivyowahi kuletewa.

Sasa fedha, maana hapa ndipo marafiki huachana. Kwa miaka nilikuwa mmoja wa wanaosimama kupinga kila tozo mpya. Nimebadilika, na nieleze kwa nini. Njia iliyozoeleka duniani ya kulipia barabara ni kuongeza tozo kwenye mafuta, anayeendesha zaidi alipe zaidi. Oregon ilianza hivyo mwaka 1919 na majimbo mengine ya Marekani yakafuata. Ni njia nzuri, lakini ina matundu mawili. La kwanza: tozo ikiwekwa kama kiasi kisichobadilika, bei za kokoto, lami na vibarua hupanda huku tozo ikibaki palepale. Tozo ya serikali kuu ya Marekani ni senti 18.4 kwa galoni ya petroli tangu 1993, na zaidi ya miaka 30 ilipita bila kuongezwa hata senti moja. La pili: gari la umeme halinunui mafuta. Ndiyo maana New Zealand, ambayo tangu 1978 hutoza magari ya dizeli kwa umbali yanaosafiri, imeyaingiza ya umeme kwenye utaratibu huo, na Oregon yenyewe ikafungua mpango wa hiari wa kulipa kwa maili mwaka 2015.

Zaidi ya hayo, fedha za mafuta mara nyingi huelekea kwanza kwenye barabara kuu. Barabara za mitaa ya jiji hutegemea kodi ya majengo, ushuru wa maegesho, ada za vibali na mgawo kutoka juu. Ukikataa vyote hivyo, halafu ukadai lami, unamwomba diwani afanye muujiza. Mimi sasa nasema niko tayari kulipa, kwa sharti. Fedha ziwe na akaunti yake, orodha ya mitaa itakayohudumiwa ibandikwe hadharani kabla ya mwaka wa fedha kuanza, na kila robo mwaka tuonyeshwe kilichofanyika na kilichobaki.

Sharti la akaunti si ukorofi. Uingereza iliwahi kuwa na mfuko maalum wa barabara uliojazwa na ushuru wa magari. Mwaka 1926 Winston Churchill, akiwa waziri wa fedha, alianza kuchota humo kuziba mapengo mengine ya bajeti, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 ushuru ule ulikuwa unaingia moja kwa moja hazina kuu. Hata mfuko mzuri huchotwa pale watu wanapoacha kuangalia. Kwa hiyo mkiahidiwa mfuko, ulizeni mara moja ni nani hasa anaruhusiwa kuufungua na kwa saini za akina nani.

Ushauri wangu mkubwa, na nimeupata kwa uchungu, unahusu barabara ipi itangulie. Sote tunaamini iliyoharibika kuliko zote ndiyo ianze. Inaonekana ni haki. Lakini barabara iliyokwisha kufa haipungui thamani tena ukiiacha mwaka mmoja, wakati ile iliyoanza kupata nyufa inaelekea kufa msimu ujao, na bado inaokolewa kwa kazi ndogo: kuziba nyufa, kusafisha mitaro, kumwaga lami nyepesi na kokoto ndogo juu. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1994 kuhusu miundombinu ilikadiria kwamba matengenezo ya wakati ya dola bilioni 12 yangeiokolea Afrika dola bilioni 45 za kujenga upya barabara katika muongo uliotangulia. Nilisoma hesabu hiyo, nikatazama orodha ya halmashauri, na nikaona kinachofuata: barabara yetu ilikuwa imeshakufa. Fedha za kuifumua na kuijenga upya zingetunza barabara kadhaa za kata ambazo bado zina uhai.

Kuwaambia majirani hivyo ilikuwa jioni ngumu. Mama mmoja ambaye mwanawe anatumia kiti cha magurudumu aliniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii umetupigania ili wapewe wengine?" Sikuwa na jibu la kumtosha, na sidhani lipo. Tulichokubaliana usiku ule ni kwamba tungeunga mkono barabara hai zitangulie, ila halmashauri iandike kwa maandishi mwaka wa kujenga upya ya kwetu, na kabla ya hapo ijazwe changarawe na kushindiliwa, na njia ya waenda kwa miguu upande wa geti lake itengenezwe kwanza. Njia ile ilikamilika ndani ya miezi minne. Usikubali hoja ya kihandisi bila kumuuliza mtu atakayeumia nayo anahitaji nini akiwa anasubiri.

Jambo lingine ni wakati. Watu hujaa ukumbini siku bajeti inaposomwa, na siku hiyo kila kitu kimeshafungwa. Nenda miezi kadhaa kabla, wakati wahandisi wanakusanya mahitaji ya kata. Omba kuona orodha ya hali ya barabara zote, kisha tembea nayo mguu kwa mguu uone kama inasema kweli. Peleka barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nenda na watu wengine pia: madereva, wenye biashara, mwalimu mkuu, kina mama wanaovusha watoto. Porto Alegre nchini Brazil ilipoanza mwaka 1989 kuwaachia wakazi wapange vipaumbele vya bajeti ya jiji, kuwekewa lami mitaani kulikuwa miongoni mwa madai yao makubwa, na yalipata nguvu kwa sababu vikao vilijaa watu wa kila mtaa, mwaka baada ya mwaka.

Na diwani mmpe sababu ya kupenda matengenezo. Barabara mpya ina utepe wa kukata na picha ya gazetini, ila hakuna anayekata utepe wa mtaro uliosafishwa. Sisi tulimwalika siku ya kuzibua kalavati la pili, tukampa jembe, tukamshukuru mbele ya watu wote. Mwaka uliofuata ni yeye aliyesimama kikaoni kutetea fungu la mitaro lisiguswe.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi napita barabara ile ya jirani, ile iliyotangulia badala ya yetu, nikiwa na chaki na daftari. Nikikuta ufa nauzungushia mstari, naandika tarehe na urefu wake, na Jumatatu taarifa iko mezani kwa mhandisi wa kata. Mwezi uliopita nilikuta mbili. Zote zimeshazibwa.