Praima, joto la Mwanza na umeme unaokatika

Shikamoo mwalimu. Praima zangu zimetoka Dar kwa basi, bila barafu. Nimefungua tyubu, sioni kitu. Nimetapeliwa? (Mwanafunzi, Bugando)

Marahaba. Hujatapeliwa. Praima ni vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, yaani kunakili DNA ndani ya tyubu; zikiwa kavu ni utando mwembamba sana, mara nyingi hauonekani kwa macho, na safari ya basi haiudhuru. Kinachonitia shaka ni hiyo haraka ya kufungua. Njiani utando hubanduka ukanasa chini ya kifuniko; ukifungua huku feni ya dari inazunguka, praima imekwenda na upepo. Zungusha tyubu kwenye sentrifyuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) kwa nusu dakika kwanza ili utando ushuke chini, ndipo uifungue.

Niyeyushe kwa kiasi gani, na kwa maji au bafa? (Fundi sanifu, Nyegezi)

Soma idadi ya nanomoli kwenye lebo, zidisha kwa 10: hizo ndizo mikrolita za kuweka ili upate akiba, yaani myeyusho mkali wa kuhifadhi, ya maikromola 100. Lebo ikisema 27.4, weka 274. Iache dakika kumi hivi, itikise, izungushe tena. Halafu chukua mikrolita 10 za akiba, ongeza 90 za maji safi ya PCR, upate maikromola 10 za kufanyia kazi. Katika mchanganyiko wa mikrolita 25, nusu mikrolita ya hiyo inakupa maikromola 0.2.

Akiba mimi naiyeyusha kwa bafa ya TE, yaani maji yenye kemikali ya kuzuia asidi, pamoja na EDTA (kemikali inayonasa madini) kidogo, milimola 0.1. Maji yaliyochemshwa na mvuke wake kukingwa mara nyingi huwa na asidi kidogo, na asidi huila DNA polepole. Wapo wanaoogopa kwamba EDTA itanyakua magnesiamu inayohitajiwa na Taq, kimeng'enya kinachonakili DNA. Piga hesabu: ukishaipunguza hivyo, inayoingia kwenye mchanganyiko haifiki hata milimola 0.001, wakati magnesiamu ni 1.5 au zaidi. Hofu ya bure.

Tunapima konokono wa kichocho. Juzi umeme ulikatika usiku kucha, friza ikayeyuka. Tutupe praima? (Ilemela)

Msitupe. Praima iliyo kwenye TE hustahimili wiki kadhaa hata kwenye friji ya kawaida, sembuse usiku mmoja. Kagueni kwanza Taq na dNTP (matofali ya kujengea DNA), hizo ndizo dhaifu. Kibaya kwa praima ni kugandishwa na kuyeyushwa kila siku, kwa hiyo gawanyeni ile ya kazi kwenye vityubu vidogo, akiba ikae nyuzi 20 chini ya sifuri bila kuguswa. Friza inayojiyeyushia barafu yenyewe haifai. Hupasha joto na kugandisha upya bila ninyi kujua. Na kabla ya kulaumu praima, tazameni tyubu isiyo na DNA: ikitoa mstari kwenye jeli, ambamo DNA huonekana kama mstari, huenda mmechafua kitu.

Probu yenye rangi inayong'aa nayo ni hivyo hivyo? (Sengerema)

Probu nayo ni kipande kifupi cha DNA, kwa hiyo karibu hivyo hivyo, ila inaogopa mwanga. Foili ya jikoni inatosha.