Akisema "ndiyo, lakini", ujue umeshauri mapema

Jamani hili nimejifunza kwa kuumia. Mdogo wangu alinipigia simu usiku analia, bosi wake anamgombeza mbele za watu kila siku, na hata hajamaliza kusimulia mimi nishaanza, mfuate mkaongee wawili tu, andika barua, tafuta kazi kwingine. Yeye "mmh". "Sawa." Kila nikiongeza kitu ananijibu "ndiyo dada, lakini..." na mimi badala ya kushtuka ndo nazidi kumwaga ushauri, mwisho akasema haya dada asante, ngoja nilale.

Wiki nzima kimya. Nilipombana akaniambia, dada barua niliandika, kuongea naye niliongea, ila hukuniuliza.

Iliniuma sana hiyo.

Baadaye nikasoma kuhusu John Heritage na Sue Sefi, ambao mwaka 1992 walichapisha uchambuzi wa mazungumzo ya wahudumu wa afya Uingereza na kina mama waliojifungua mara ya kwanza, wakakuta ushauri mwingi unatolewa bila mama kuuomba, na mama anajibu "mm" au "sawa" basi. Ile "mm" mara nyingi si kukubali, ni kukataa kwa adabu. Nikamsikia mdogo wangu kabisa.

Siku hizi swali langu la kwanza ni "mpaka sasa ushajaribu nini?" halafu nanyamaza kwelikweli, simkatishi. Nikiwa na wazo naomba ruhusa, "kuna kitu nimewaza, nikwambie au bado unaongea?" Akikubali natoa moja tu, sio matano, kisha namuuliza analionaje kwa hali yake. Hapo kwenye kuuliza tena ndo wengi tunaparuka, na ndo penye utamu maana mtu anaanza kurekebisha wazo mwenyewe mpaka linakuwa lake. (Kama maisha yake yako hatarini usisubiri ruhusa, sema.)

Na wewe unayesimulia usituachie tubahatishe, tuambie mapema unataka nini.

Mdogo wangu sasa akipiga anaanza, "dada, leo ni ya kusikiliza tu." Juzi aliongea karibu saa nzima, mimi naitikia tu, tukiwa tunaagana akauliza, "kwani ungekuwa wewe ungefanyaje?"