Kurudi kwa mkeo aliye Marekani baada ya kurejeshwa Pemba

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza iwapo kumuoa raia wa Marekani kunakufutia kizuizi cha kuingia tena nchini humo, baada ya kupitisha muda wa viza kwa miaka miwili na kurejeshwa kwa amri ya jaji. Hakukufutii, ila kunakupa njia ya kuomba msamaha. Una vizuizi viwili: miaka 10 kwa kukaa bila ruhusa zaidi ya mwaka, na kingine cha ile amri yenyewe. Mkeo aanze na fomu ya I-130, ya kukuombea uhamie kwake kama mume. Baada ya usaili wa ubalozini Dar es Salaam, utaomba msamaha kwa fomu ya I-601 kwa kizuizi cha kwanza, na ruhusa ya kuomba kuingia tena kwa fomu ya I-212 kwa cha pili. Hapo ndipo wengi hukosea, kwani hujaza kurasa wakieleza dhiki zao wenyewe, ilhali katika I-601 inayopimwa ni dhiki kubwa isiyo ya kawaida itakayompata mkeo, kwa ushahidi kama vile ripoti za daktari na hati za madeni. Usifiche kwamba uliondoshwa. Maofisa wa uhamiaji wa Marekani wanazo alama zako za vidole. Kisha tazama cheti chako cha ndoa: kikiandika Hamisi na pasipoti ikasema Khamis, kirekebishwe mapema.