Ndege imetua shambani: irushwe, ibebwe kwa lori, au nitafute nyingine?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Wiki iliyopita injini ya Cessna 172 yangu ilianza kupoteza nguvu angani, kisha ikazima kabisa. Nilifanikiwa kutua kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, mimi na abiria wangu tukatoka wazima. Tulipokaribia kusimama, gurudumu la mbele lilizama kwenye udongo laini, propela ikagusa chini na ncha moja ikajikunja. Mamlaka ya usafiri wa anga na kampuni ya bima nimeshawaarifu. Mwenye shamba ni muungwana, ila msimu wa kulima unakaribia. Rubani mwenzangu anasema tufunge propela nyingine, tuwashe, injini ikinguruma vizuri niirushe hadi nyumbani. Fundi anasema tuibebe kwa lori. Mke wangu anasema niachane nayo, ninunue nyingine. Nishike lipi?

JIBU: Pole sana, na hongera kwa kuwashusha watu salama. Kama wewe au abiria wako mmoja ana maumivu ya mgongo, hata kidogo, mwende hospitali mkapigwe picha. Kutua kwa kishindo huweza kuumiza pingili za uti wa mgongo, na siku ya tukio mtu asihisi kitu kwa sababu ya mshtuko.

Nianze na ushauri wa rubani mwenzako, maana ndio ulionitia hofu. Usiwashe hiyo injini, na usiizungushe propela hata kwa mkono. Ilizima kwa sababu fulani, na sababu hiyo bado hamjaijua. Chukulia barafu ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na mafuta. Hutokea hewa ikiwa na unyevu, hata nje kukiwa na nyuzi 20 za joto na zaidi. Huziba njia ya hewa, injini inakufa, na dakika chache baada ya kutua inayeyuka bila kuacha alama. Mtu akija kuwasha, injini inaitika kama mpya. Maji ndani ya mafuta nayo yana tabia yake: ndege ikikaa imeinama, maji huhamia kona nyingine ya tangi, kisha hurudi kwenye bomba la mafuta ndege inapoinua pua kupaa. Kwa hiyo injini ikinguruma vizuri shambani, haijathibitisha lolote. Wachunguzi wakiridhia, chukueni mafuta kutoka kila tangi na kutoka kwenye chujio, mtie kwenye chupa za kioo zilizo safi, kila moja na lebo yake. Maji hukaa chini na mpaka wake unaonekana kwa macho. Tazameni na rangi: petroli ya ndege ya 100LL ni ya buluu, ikikosa rangi yake kuna walakini.

Halafu kuna hiyo ncha iliyojikunja. Watu wengi huona propela imepinda wakadhani iliyoumia ni propela peke yake. Ila pale propela ilipopiga udongo, mshtuko ulipita kwenye krenki, mhimili mkuu unaozungusha propela, hadi nyuma ya injini. Kwenye injini za kampuni ya Lycoming, ambazo ndizo zilizomo katika 172 nyingi zilizotengenezwa tangu mwaka 1968, huko nyuma kuna gia inayoendesha kamshafti (mhimili unaofungua vali) na magneto (kifaa kinachotoa cheche). Gia hiyo imeshikwa na boliti moja na pini ndogo ya kuipanga mahali pake. Pini ikikatika au boliti ikilegea, injini inaweza kuzima angani bila onyo lolote. Ndiyo maana Lycoming kwenye waraka wake namba 533 inataka injini ifunguliwe na kukaguliwa baada ya tukio la namna hii, na agizo la usalama la Marekani namba 2004-10-14 limeufanya ukaguzi wa gia hiyo na boliti yake kuwa wa lazima. Continental, watengenezaji wengine wa injini, nao wana waraka wao wenye mwelekeo huo huo. Atakuja mtu na kipimo chenye uso wa mshale kama saa, aweke kwenye flanji ya krenki, pale mbele propela inapofungwa, akwambie imenyooka. Huenda ni kweli imenyooka, lakini kipimo hicho hakioni kilichopo nyuma.

Gurudumu la mbele nalo lina habari zake. Kwenye 172, mguu wa mbele umefungwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha rubani. Ingia ndani, lala kwenye sakafu, mulika kwa tochi nyuma ya pedali. Bati lenye mikunjo, au ribiti zilizozungukwa na vumbi jeusi kama masizi, ni dalili kwamba ukuta umebeba mzigo uliopita uwezo wake. Fungua na ufunge milango pia. Mlango uliokuwa ukifunga kwa kidole na sasa unagoma unakuonyesha kwamba bodi imesogea. Jambo hili lina uzito hata kwenye makaratasi, kwa sababu Kiambatisho namba 13 cha Mkataba wa Chicago hakihesabu kuwa ajali madhara yaliyoishia kwenye injini moja au propela, ila muundo wa ndege ukidhurika kiasi cha kuhitaji matengenezo makubwa, hiyo ni ajali. Msiiondoe ndege mpaka mpate idhini ya wachunguzi kwa maandishi.

Sasa tuseme injini imebadilishwa pale pale na ukuta uko salama. Je, irushwe? Ndege ndogo huweza kutua mahali ambapo haiwezi kupaa. Kitabu cha rubani cha Cessna 172S, ndege ikiwa na uzito wake wa juu wa kilo 1,157, usawa wa bahari, nyuzi 15, bila upepo, kinasema kutua kutoka kimo cha mita 15 kunahitaji kama mita 407 kwenye njia ngumu na kavu. Kupaa hadi kimo hicho hicho kunahitaji mita 497, na 293 kati ya hizo ni za kukimbia ardhini. Kwa nyasi kavu kitabu kinaongeza asilimia 15 ya hizo za ardhini, tunafika mita 541. Zidisha kwa 1.33, kiwango cha tahadhari ambacho mamlaka ya anga ya Uingereza inawashauri marubani binafsi, utapata kama mita 720. Na hapo hatujagusa joto, mwinuko, wala udongo laini, ambao peke yake unaweza kuongeza robo nzima au zaidi. Gurudumu lako lilizama, kwa hiyo jibu la udongo unalo tayari. Kwa shamba hilo, mimi nasema hapana. Pangekuwa na barabara ndefu na ngumu karibu, au uwanja wa nyasi uliokanyagwa, ningekwambia uombe kibali maalumu cha kuruka, ambacho hutolewa kwa ndege isiyotimiza masharti yote ya cheti chake ila inaweza kuruka salama. Angeruka rubani peke yake, mafuta kidogo, asubuhi hewa ikiwa ya baridi. Na ningependa awe rubani mwingine, si wewe, kwa sababu aliyeingiza ndege shambani huwa na hamu kubwa mno ya kuitoa.

Fundi wako yuko sahihi: lori. Mabawa ya 172 hutoka bila taabu kubwa, kila moja likiwa limeshikwa na boliti mbili kwenye bodi na mhimili wake wa chini. Toeni mafuta yote kwanza, kwa usalama na kwa uzito. Kila kebo na kila bomba litiwe alama kabla ya kufunguliwa, na boliti za kila bawa zikae kwenye mfuko wake. Mabawa yasafiri yamesimama kwa ukingo wa mbele, juu ya vitanda vya mbao vilivyotandikwa sponji, na kamba zipite sehemu zenye boriti ndani, si kwenye bati tupu. Nimeona mabawa yaliyonusurika kutua kwa dharura yakaharibiwa na mkanda wa lori. Mkishafunga tena, fundi wa pili ambaye hakushiriki akague mfumo wa usukani: usukani ukigeuzwa kulia, eleroni ya kulia, kile kibapa cha nyuma ya bawa, lazima ipande. Kebo zikiwa zimefungwa kinyume, ukaguzi huo utalifichua kosa mkiwa bado chini.

Mpaka lori lifike, chomoa betri, funga mafuta, ifunge ndege kwa kamba na uizungushie uzio. Ng'ombe hujikuna kwenye ndege na kulamba bati. Na mwenye shamba umlipe hasara ya shamba lake bila kusubiri akudai. Mara nyingi bima ya madhara kwa watu wengine hulipa.

Suala la mke wako litaamuliwa zaidi na hati ya bima kuliko na mapenzi yako kwa ndege. Angalia thamani mliyokubaliana. Gharama ya matengenezo ikijumlishwa na thamani ya mabaki ikapita kiasi hicho, kampuni kwa kawaida hulipa hasara kamili na kuchukua mabaki. Ikiamua kutengeneza, italipa propela, ukuta, na kuifungua injini kwa sababu ya kile kishindo. Uchakavu hailipi, wala kile kilichoizima kama kilitokana na uchakavu. Injini yako ikiwa imekaribia saa 2,000 za kazi ambazo Lycoming inazipendekeza kabla ya matengenezo kamili kwa nyingi za aina hii, utatakiwa kuongeza fedha zako ili ifanyiwe matengenezo kamili ikiwa tayari imefunguliwa. Kwa maoni yangu hapo ni vizuri kuongeza, mradi bodi iko sawa. Bodi ikiwa imepinda, mwafiki mke wako.

Ukinunua nyingine, iangaliwe na fundi ambaye hajawahi kuihudumia ndege hiyo. Alinganishe namba za injini na propela na zilizomo kwenye vitabu vya kumbukumbu, akate chujio la oili atafute chembe za chuma. Usivutiwe na ndege yenye saa chache iliyokaa miaka mingi bila kuruka. Kamshafti ya Lycoming iko juu ya krenki, oili hushuka, kutu inaanza, na ndiyo maana kampuni inaweka pia ukomo wa miaka 12 hata saa zikiwa bado. Ndege iliyowahi kupata ajali isikutishe kama matengenezo yameandikwa yote na kusainiwa. Hakikisha pia haina deni la benki wala mgogoro wa umiliki kwenye daftari la usajili, na usitoe amana kwa muuzaji yeyote kabla barua ya bima inayotaja kiasi utakacholipwa haijafika mkononi mwako.