Risini ya Kunasa Risasi: Je, Imechoka?

SWALI: Tunapima madini ya risasi katika maji ya visima vya pwani kwa mashine ya mwali wa moto. Kwa kuwa mwali hausomi vizuri viwango vidogo, tunapitisha kwanza mililita 500 za maji kwenye mrija uliojazwa risini ya polima (punje ndogo za plastiki) yenye vikundi vya iminodiasetati vinavyonasa metali, kisha tunaitoa risasi iliyonaswa kwa mililita 10 za tindikali ya nitriki. Sampuli ya kwanza huturudishia asilimia 95 ya risasi tuliyoiongeza kwa majaribio, lakini ya tatu, katika mrija uleule, asilimia 40 tu. Je, risini imechoka?

JIBU: Ndugu msomaji, usiitupe bado. Kwa maelezo yako, nashuku zaidi namna mnavyouandaa mrija baina ya sampuli moja na nyingine. Vikundi hivyo huibana ioni ya risasi (chembe yake yenye chaji ya umeme) kama gando la kaa, lakini gando hilo hufunga vyema pale pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, inapokuwa kati ya 5 na 6; katika tindikali kali ioni za hidrojeni hukalia nafasi zote na risasi huachiliwa, na ndiyo maana tindikali ya nitriki huitoa. Mnapomaliza kuitoa, risini hubaki imejaa hidrojeni na husinyaa kiasi cha kuonekana kwa macho. Mkipitisha sampuli inayofuata bila kuirejesha kwanza katika hali ya amonia, yaani ibebe amonia badala ya hidrojeni, hidrojeni hiyo hushusha pH ndani ya mrija wenyewe, hata kama kwenye chupa mlipima 5.5, na sehemu ya risasi hupita bila kunaswa.

Suuzeni basi kwa maji yaliyokenekwa, mpitishe amonia hafifu, msuuze tena, kisha mpime pH ya maji yanayotoka chini ya mrija, si ya chupa peke yake. Sampuli zilizohifadhiwa kwa tindikali kisimani nazo zirekebishwe kwa asetati ya amonia kabla ya kupitishwa.

Kosa hili si dogo. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 10 za risasi kwa lita kuwa kiwango cha juu cha mwongozo kwa maji ya kunywa. Maji yenye kiwango hicho hasa, yakirudisha asilimia 40, mtayaandikia mikrogramu 4 na kisima kitaonekana salama.

Jaribio la kuongeza risasi lifanyike katika maji ya kisima chenyewe, kwani maji yaliyokenekwa hayana kalsiamu na magnesiamu zinazogombea nafasi na risasi. Risini hupendelea risasi, lakini chumvi ikizidi, punguzeni kasi ya mtiririko, na kabla ya kutoa risasi pitisheni asetati ya amonia yenye pH ya takriban 5.5, ambayo huondoa sehemu kubwa ya kalsiamu na kuiacha risasi mahali pake.

Mkianza kupima dagaa, tatizo hilihili litawarudia kwa ukali zaidi, maana nyama iliyoyeyushwa kwa tindikali ya nitriki hubaki na tindikali nyingi mno ambayo risini haiwezi kuivumilia.