Kichwa kinamwamsha usiku saa ileile, panadol haigusi

SWALI: Shikamoo dokta. Mume wangu ana miaka 37, hana ugonjwa wowote tunaoujua, ila huu mwezi karibu kila usiku mida ya saa saba anashtuka usingizini kashika jicho la kulia, anasema kuna kitu kinamchoma kwa ndani. Kulala hawezi, anazunguka chumbani, mara ajigonge ukutani, jicho jekundu linatoka machozi na pua ya upande huohuo inavuja. Ikipita kama saa moja hivi inakata, anakuwa mzima kabisa. Mwaka juzi ilimshika hivihivi ikapotea yenyewe. Kaambiwa sainasi kapewa antibayotiki, kaambiwa ni jino kang'oa, sasa wanasema stresi. Panadol anabugia mpaka naogopa. Ni nini hii na nimsaidieje?

JIBU: Marahaba dada, na poleni sana nyote wawili. Mimi sijamwona kwa hiyo siwezi kumpa jina la ugonjwa kupitia gazeti, lakini ulivyoeleza, yaani upande mmoja, kwenye jicho, machozi na pua kuvuja, saa ileile ya usiku, halafu inakuja kwa msimu na kupotea, hiyo inafanana mno na klasta hedeki. Inampata takriban mtu 1 kati ya 1,000, wanaume zaidi, na wengi inawaanza kati ya miaka 20 na 40. Shambulio moja linadumu dakika 15 hadi saa 3, na kwa siku yanaweza kufika hata 8. Hilo la kuzunguka chumbani ndo linanifanya nisifikirie sana kipandauso, maana mwenye kipandauso anataka giza na asiguswe, huyu wa klasta hatulii kabisa. Saa kutobadilika nako kuna sababu yake, sehemu ya ubongo inayoongoza saa ya mwili, haipothalamasi, inahusika.

Sasa panadol. Aache kuzibugia, kwanza ini, pili hazisaidii, kidonge mpaka kiyeyuke tumboni kifike kwenye damu shambulio limeshafika kileleni au limeisha, halafu mtu anadhani dawa ndo imemponya kumbe muda wake tu umefika. Kinachokata shambulio ni vitu viwili. Kuna sindano ya sumatriptani ya miligramu 6 chini ya ngozi, mgonjwa anafundishwa kujichoma mwenyewe, isizidi mbili ndani ya saa 24, na mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi hapewi. Halafu kuna oksijeni, na hapa naomba unisome taratibu kwa sababu watu wengi wanasema "nilijaribu oksijeni ikagoma" kumbe waliwekewa ile mirija midogo ya puani na gesi inatoka kidogokidogo. Inayofanya kazi ni oksijeni tupu, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa maski yenye mfuko inayobana vizuri usoni, mtu amekaa, dakika 15 hadi 20, na aanze mara tu anapohisi inakuja, sio mpaka imkolee. Mtungi unaweza kuwekwa nyumbani kwa maelekezo ya daktari, hasa kama ana shida ya mapafu lazima aseme kwanza. Na hakuna sigara wala moto karibu nao, hilo sio la kujadili.

Hayo ni ya kuzima moto. Kwa kuwa anashikwa karibu kila usiku anahitaji na dawa ya kinga, inayotumika sana ni verapamili, inapandishwa polepole huku akipimwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kwa vile inachelewa kukolea madaktari huwa wanaanza nayo pamoja na prednisoloni ya muda mfupi, au sindano kwenye mshipa wa fahamu wa kisogoni. Aende kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na ataombwa picha ya MRI, asiogope, ni kuhakikisha tu hakuna kingine kinachojifanya klasta.

Wewe kazi yako kubwa ni kuandika: saa imeanza, imeisha saa ngapi, upande gani. Na umrekodi video kwenye simu akikubali, kwa sababu akifika kliniki mchana atakuwa mzima na ataonekana anakuza mambo. Usiku ule usimlazimishe alale wala usimwulizeulize maswali, mpe nafasi azunguke. Ila ukimsikia anaongelea kufa usichukulie ni maneno ya hasira, haya maumivu yameshawafikisha watu huko, usimwache peke yake na umpeleke hospitali usiku huohuo. Vilevile usisubiri kama kichwa kimemlipukia ghafla kuliko siku zote, kama ana homa na shingo imekakamaa, mkono umelegea, maneno hayatoki sawa, au jicho limeanza kuona ukungu. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa presha ya jicho.

SWALI: Dokta mimi nilishaambiwa ni klasta. Nikinywa bia moja tu ndani ya saa moja kinaanza, ila miezi mingine nakunywa na hakuna kitu. Niache moja kwa moja?

JIBU: Ndugu yangu, ndivyo ulivyo huu ugonjwa, pombe inachokoza ukiwa ndani ya msimu, nje ya msimu mara nyingi haifanyi kitu. Kwa hiyo kwa ajili ya klasta peke yake, ni msimu ndo usiguse hata tone (sababu nyingine za kuacha unazijua mwenyewe). Usingizi wa mchana nao ni wa kuangalia, wengine unawaletea. Na kama unajua msimu wako huwa unaanza mwezi gani, muone daktari kabla, dawa ya kinga uianze siku zile za mwanzomwanzo, sio ukishakonda kwa kukosa usingizi.